Pamba ya Bwana Duxbury

Jumanne moja ya mwezi wa Juni, saa mbili kasorobo za jioni, Hester Ormerod alikuwa mezani kwao katika mtaa wa Weir, mjini Cleggdale, anakula viazi na kipande cha nyama ya nguruwe, alipokohoa mara tatu na ncha ya uzi ikamtokeza katikati ya midomo. Mama yake, Zilla, aliweka uma chini. Alijifuta vidole kwenye aproni, akaishika ile ncha, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, jinsi alivyokuwa akisugua uzi kwa miaka ishirini na miwili.

"Namba arobaini," alisema. "Mwembamba, na umesokotwa vizuri. Hebu panua mdomo."

"Nimalize viazi kwanza, mama."

"Viazi havina miguu. Panua."

Hester, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na kifua cha bibi wa sabini, akapanua. Zilla akavuta. Uzi ulikuja bila kugoma, mweupe, una unyevu kidogo, naye akawa anauzungusha kwenye mgongo wa kiti. Ulipofika urefu wa kutoka pale nyumbani hadi kanisani ulikatika, na ncha iliyobaki ikarudi kifuani. Enoch, baba mtu, alikuwa ng'ambo ya meza. Alikwisha kumaliza chakula chake na sasa alikuwa anakitazama cha binti yake.

"Huyu bado anakula, au niendelee?" aliuliza.

"Gusa hiyo sahani uone," Zilla akamjibu.

Jioni hiyo Hester alipanda hadi chumbani bila kuketi njiani. Tangu Pasaka alikuwa akiketi kwenye ngazi ya nne, ameshika ukuta, na mara mbili usingizi ulimchukua palepale. Zilla alisimama chini akasikiliza hatua zake zote kumi na moja. Aliposikia kitanda kikilia huko juu, aliketi kwenye kile kiti chenye uzi akalia kwa furaha. Hakulia sana, kwa sababu vyombo vilikuwa havijaoshwa.

Hakuna aliyehitaji kuuliza uzi ule ulitoka wapi. Katika kiwanda cha Bwana Duxbury kulikuwa na mitambo mia tatu ya kufuma, na kila mtambo ulikuwa na kipande cha mti kilichochongwa mfano wa mtumbwi, kinachobeba uzi na kukimbia huku na huku katikati ya mtande, zile nyuzi za urefu. Uzi wa ndani yake ukiisha, mfumaji huweka bobini mpya, kisha huweka mdomo kwenye kitundu cha ubavuni na kufyonza mpaka ncha itokeze nje. Kazi hiyo waliiita kubusu. Hester alibusu mara mia tatu kwa siku, na kila busu lilikuwa na pamba yake. Juu ya hayo, madirisha yote yalipigiliwa misumari, kwa sababu hewa kavu hukata mtande, na mtande ulikuwa na thamani. Pamba ilielea mle ndani tangu asubuhi hadi jioni. Waliokula mkate wao mle waliula na pamba, waliopiga miayo walimeza pamba, na aliyefungua dirisha alifukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Zilla mwenyewe ndiye aliyemfundisha Hester kubusu, mtoto akiwa na miaka kumi na mmoja. Alikumbuka jinsi alivyoshika upesi, na jinsi yeye mama mtu alivyovimba kichwa mbele ya wafumaji wenzake. Kumbukumbu hiyo sasa ilimuuma, na hakuwa na wa kumlaumu isipokuwa Duxbury, ambaye alimlaumu kila siku kwa bidii.

Uzi wake Zilla nao ulikuwapo. Ulimfika kooni mara kwa mara, hasa alfajiri, naye aliumeza na chai. Hakuwa na muda nao. Wa Hester ndio aliotaka utoke wote hadi mwisho wake, kwa sababu juu mlimani Withen alikuwapo kaka yake, Reuben, mfuga kondoo aliyefiwa na mke, na Reuben alihitaji mwanamke wa kukamua na kutengeneza jibini. Kaka huyo hakuwa mtu wa huruma. Siku ya Pasaka alikuja akamtazama Hester akipumua, akasema wazi mbele yake: "Mimi namtaka mtu wa kupandisha ndoo mbili kilimani bila kukaa chini. Huyu mkimleta nitamzika mimi, na ardhi yangu ni mawe matupu." Kule juu hewa haikuwa na kitu chochote ndani yake. Hester akiweza kupandisha ndoo mbili, angeishi. Asipoweza, angefuata njia ya Amos Nuttall wa nyumba ya pili, aliyezikwa mwezi wa Machi akiwa na miaka ishirini na mmoja.

Kwa hiyo kila jioni Zilla alimkalisha Hester mlangoni, penye mwanga, akavuta. Majirani walipita na ndoo zao, wakasalimia, wakaendelea na safari. Ni Peggy Nuttall peke yake, mama yake Amos, aliyesimama.

"Wa kwako unatoka," Peggy alisema.

"Unatoka, namshukuru Mungu."

"Wa Amos niliufuta kwa kitambaa. Nilidhani ni mate." Aliutazama uzi uliokuwa unazidi kuja. "Amekufa nao wote ndani, Zilla. Na mimi nilikuwa nimekaa pale, kitambaa mkononi."

Zilla alitaka kumshika bega, lakini mikono yake ilikuwa na uzi, na uzi ukiachiwa hurudi. Peggy aliingia kwake akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakumsalimu tena mtu yeyote wa nyumba ya Ormerod, na kila jioni, Hester alipoketi mlangoni, pazia la Peggy lilisogea kidogo.

Hatari ilikuwapo, na Zilla aliijua. Sheria ilisema pamba ya kiwanda ni ya kiwanda, hata taka zake. Kila jioni pale getini nyapara Abel Crabtree aliwakung'utisha wanawake aproni na kuwapekua nywele, na mwaka uliotangulia msichana mmoja alifungwa mwezi mzima kwa kutoka na konzi ya pamba chafu aliyotaka kujazia mto. Midomo haikupekuliwa. Kwa hiyo Zilla alikuwa na nia moja tu kuhusu uzi wa Hester, nayo ilikuwa kuuchoma.

Siku ya pili alisimama mbele ya moto, fungu la ule uzi mkononi. Alilitazama. Akalishusha, akalinyanyua tena. Muuza nyama angelitupa, mkulima angelitupa, hata kasisi angelitupa akaenda zake kulala. Lakini uzi ule haukuwa na kinundu hata kimoja, na Zilla alikuwa mfumaji.

"Unataka kufanya nini hapo?" Enoch aliuliza.

"Kuuchoma."

"Kuchoma namba arobaini? We mwanamke una wazimu?"

"Ni pamba ya Duxbury, Enoch. Wakiikuta humu..."

"Imetoka kwa binti yangu. Nimemzaa mimi."

"Nimemzaa mimi. Wewe siku hiyo ulikuwa kilabuni."

"Na nilikuwa nakunywa kwa ajili yake. Lete hapa."

Enoch alikuwa mfumaji wa mkono. Mtambo wake wa mti ulisimama chumbani juu, ubavuni mwa kitanda cha Hester, ukila nusu ya chumba, na ulikuwa haujafuma kitu kwa miaka tisa, tangu mashine za Duxbury zilipoanza kutoa kwa siku moja kile alichokitoa yeye kwa wiki mbili. Aliapa kwamba hatakanyaga kiwandani, na kiapo hicho alikitangaza kwa kila mtu, hasa kwa wale waliomlisha. Kwa miaka tisa Zilla, na baadaye Hester naye, walimlisha kwa mshahara wa Duxbury, naye hakuweza kuwasamehe. Jioni ile alipanda na fungu la uzi. Walimsikia akipiga chafya kwa vumbi, kisha akigonga kabari, kisha ukasikika mtambo wenyewe, taratibu, sauti ambayo Hester aliisikia mara ya mwisho akiwa na miaka kumi. Enoch akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti mbaya. Zilla alijua kwamba jambo hili ni kosa. Alijua pia kwamba mume wake anaimba, akaenda kuosha vyombo.

Kuanzia hapo Enoch akawa mtu wa kusubiri. Zilla na Hester wakichelewa kutoka kazini walimkuta amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mkalishe basi," alisema. "Nimeishiwa uzi tangu saa nane."

"Mwache ale kwanza."

"Si wewe uliyesema viazi havina miguu?"

Tatizo lilikuwa kwamba kilichovutwa jioni, nusu yake ilirudi mchana. Zilla alimfundisha Hester kazi upya: abusu haraka, apumue kwa pua, afunge usoni kitambaa kilichoroweshwa maji. Kitambaa kilidumu siku moja. Kwenye banda la kufuma hakuna anayesikia neno kwa kishindo cha mitambo. Watu husema kwa midomo bila sauti na kusomana wakiwa mbali, na Abel Crabtree alikuwa amejifunza kusoma midomo ili ajue ni nani anamtukana. Alikivua kitambaa cha Hester kwa mkono wake mwenyewe.

"Nataka kuona mdomo," alisema, naye bila sauti. "Mdomo uliofunikwa una la kuficha."

Alipogeuka kwenda zake, wanawake arobaini walisema jambo moja kwa pamoja nyuma yake, lakini alikuwa amewapa kisogo.

Mwezi wa Agosti ukaja na wiki ya sikukuu ya mji, na injini ya kiwanda ikazimwa siku saba. Watu walikula keki za tangawizi, wakalewa, wakapigana nyuma ya mahema. Zilla hakwenda popote. Alivuta asubuhi, alivuta mchana, alivuta jioni, na hakuna kilichorudi. Alhamisi alasiri uzi ulianza kuja mnene, wenye vinundu, uzi wa mwanafunzi, naye akatambua kwamba amefika mwaka wa kwanza. Mwishoni kabisa palikuwa na fundo dogo la mfumaji, limefungwa vibaya. Hester alilitema kiganjani mwa mama yake, akafunga mdomo, akavuta pumzi. Walimsikiliza wote wawili. Pumzi haikuwa na sauti yoyote.

"Nenda mtoni urudi," Zilla alisema. "Kimbia."

Hester alikimbia. Viatu vyake vya mti vilisikika vikishuka mtaa, vikavuka daraja, vikarudi bila kusimama, akaingia ndani uso mwekundu, anacheka, na hakukohoa hata mara moja. Zilla alimshika mashavu kwa mikono miwili. Hakuwahi kuwa na furaha kubwa kiasi kile na hakujua aiweke wapi, kwa hiyo akamgombeza kwa kuingia na matope.

Mambo yangeishia hapo kama wangekuwa watu wa kazi nyingine. Lakini Enoch alikuwa na kitambaa kizuri kuliko vyote alivyowahi kufuma maishani mwake, na Hester hakuwa na gauni lisilo na madoa ya mafuta ya mitambo. Ijumaa Zilla alikata, akashona. Jumamosi Reuben alikuja na mkokoteni, akamtuma Hester alete ndoo mbili za maji kutoka bombani, akamtazama akija, akatikisa kichwa kwa kukubali. Hester aliondoka amevaa gauni jeupe lililotoka kifuani mwake. Hilo lilikuwa kosa la Zilla, na baadaye hakulikana.

Kosa la Enoch lilikuwa kubwa zaidi. Alibakiwa na kipande, akakikata vitambaa vinane, na saba akavigawa kilabuni kwa wazee waliowahi kufuma kwa mkono. Waliviweka mashavuni, na mmoja wao alilia. Cha nane, kwa vile alikuwa na furaha na pombe kichwani, alimpa Peggy Nuttall juu ya ukuta wa uani.

"Shika hapo, Bibi Nuttall. Mashine za Duxbury hazijawahi kutoa kitu kama hicho."

"Hii ndiyo ile ya Hester?"

"Ndiyo yenyewe. Laini, eh?"

Peggy alikishika kitambaa kwa muda mrefu. "Laini," alikubali. Jumatatu, injini ilipowashwa, alikitia mkononi mwa Abel Crabtree.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa Septemba, ghorofani katika nyumba ya wageni, kwa sababu mahakama ilikuwa inapakwa chokaa. Hakimu alikuwa shemeji yake Bwana Duxbury. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo, kwani mjini Cleggdale mtu asiye shemeji yake Bwana Duxbury hakupewa uhakimu. Bwana Duxbury mwenyewe, mtu mpole wa sauti ya chini, aliyekuwa na mafua, alisema hana kinyongo na familia hii. Alieleza tu kwamba pamba aliinunua Liverpool, ikashuka melini ikiwa yake, ikasokotwa ikiwa yake, na hakuna mahali popote katika safari hiyo alipompa mtu. Kuingia kifuani mwa msichana hakukubadili mwenye mali. Ng'ombe akiingia shamba la jirani, alisema, hubaki kuwa ng'ombe wa mwenyewe.

"Na makohozi je?" Enoch alipaza sauti kutoka kizimbani. "Nayo ni yako?"

Bwana Duxbury alifikiri kidogo. "Kama yana pamba ndani," alisema.

Peggy Nuttall alipoitwa alieleza habari ya kitambaa kwa maneno machache. Hakimu alimuuliza ni kitu gani kilichomsukuma kuripoti.

"Mwanangu amezikwa na wa kwake," Peggy alisema. "Sikuona kwa nini wao waupate wa kwao."

Bwana Duxbury aligeuka akamtazama kwa makini zaidi. Alisema, ili iandikwe, kwamba kuhusu pamba iliyoko makaburini yeye hatadai, kwa sasa.

Hukumu ilikuwa fupi. Mtambo wa Enoch ukatwe kuni. Hester arudishwe kutoka Withen, kwa kuwa mtu hawezi kuacha kazi ilhali pamba ya kiwanda imo ndani yake. Akishairudisha yote, aende atakako.

"Hana kitu!" Zilla alisema. Alikuwa amesimama bila kuruhusiwa. "Nimeutoa wote kwa mikono hii. Nimeuona mwisho wake."

"Umeutoa nyumbani kwako," hakimu alisema. "Uliotolewa nyumbani umeibwa. Unaotolewa kiwandani ndio unaorudishwa. Huyu binti hajarudisha hata unywele."

"Basi nichukueni mimi. Nina miaka ishirini na miwili humu ndani. Ni mwingi kuliko wake mara tatu. Uchukueni wote, yeye mumwache kule."

Bwana Duxbury alipenga kamasi, akakunja leso. "Lakini huo ni wetu tayari, mama," alisema kwa upole.

Zilla alimchukia wakati ule kwa chuki safi isiyo na hofu ndani yake. Haikumsaidia chochote.

Askari wawili walipanda Withen. Reuben alimtoa Hester bila ubishi. Alilalamika tu kwamba maziwa yameanza kuganda na hakuna wa kuyashughulikia, na kwamba msichana alikuwa anapandisha ndoo mbili hadi juu huku akipiga mluzi, na sasa nani atazipandisha. Hester alishuka na mashavu mekundu na mikono iliyonenepa. Katika ofisi ya kiwanda mke wa askari alimvua gauni nyuma ya mlango akampa la gunia. Lile jeupe Bwana Duxbury alilipeleka mwenyewe dirishani. Babu yake alikuwa mfumaji, na vidole vyake vilikuwa havijasahau. Alilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akalisugua tena, akawaambia wote watoke nje ili apate kufikiri.

Kabla ya majira ya baridi kiwanda kilikuwa na chumba kipya. Kilijengwa kati ya chumba cha kuchambulia pamba na nyumba ya injini, kikawa na joto zuri, na madirisha yake yalipigiliwa misumari kabla hayajapakwa rangi. Ndani paliwekwa benchi refu, na mbele ya benchi bobini ishirini zilizozungushwa na injini, polepole, ili zisimshtue mtu. Asubuhi kila mfanyakazi alifungiwa ncha yake kwenye bobini, akaketi mdomo wazi hadi kengele ya jioni. Kitambaa cha uzi huo kiliuzwa London kwa kushonea nguo za watoto wachanga, kwa kuwa hakikuchubua ngozi. Peggy Nuttall aliketi kwenye benchi hilo tangu siku ya kwanza. Alikuwa mchambuaji wa pamba kwa miaka thelathini, na kifua chake kilikuwa tajiri. Hakuna aliyemtupia neno juu ya habari ya kitambaa. Walimwachia tu nafasi kila upande, kama anayenuka.

Enoch alibaki nyumbani. Chumba cha juu sasa kilikuwa kikubwa na hakupanda tena kukitazama. Alijifunza kumenya viazi, akavimenya vibaya, na Zilla hakumsema.

Hester alipoketi kwenye benchi mara ya kwanza hakikutoka kitu. Bobini yake ilizunguka tupu tangu asubuhi hadi jioni. Abel Crabtree alilitafakari jambo hilo akamhamishia mwisho wa benchi, karibu na mlango wa chumba cha kuchambulia, ambako pamba huja kwa mawingu, na mlango akauacha wazi. Zilla alimfuata wakati wa chakula.

"Kwa nini umemweka pale?"

"Huyu ni mtupu," Crabtree alisema, bila ubaya wowote. "Lazima ajae kwanza, ndipo arudishe."

"Na akirudisha, ataondoka?"

"Akirudisha wote."

"Na huku anarudisha, huku anavuta mwingine. Atamaliza lini?"

Crabtree alikuna kidevu. Ilionekana hakuwahi kuulizwa. "Hilo si kosa la kiwanda," alisema mwishowe. "Kupumua anapumua mwenyewe."

Zilla aliomba kutolewa kwenye mitambo ya kufuma ili aketi kwenye benchi, na ombi lake lilikubaliwa kwa haraka, maana kifua chake kilijulikana. Aliulizwa anapenda nafasi gani. Alichagua ile iliyo kati ya Hester na mlango.

Asubuhi ya kwanza, kabla hajafungiwa ncha, alimgeukia binti yake akasema kwa midomo bila sauti, kwa sababu injini ilikuwa upande wa pili wa ukuta:

"Pumua juu juu. Kidogo kidogo. Niachie mimi."

"Mama, utakufa."

"Niachie, nimesema. Geuza uso kule."

Kisha aliuelekea mlango. Wingu la pamba liliingia bila haraka, jeupe, kama lilivyoingia kila baada ya dakika chache. Zilla alivuta pumzi ndefu, akaishikilia, akavuta nyingine juu yake, na nyingine, hadi hewa iliyompita kwenda kwa Hester ikawa karibu safi. Uzi ulimtoka huku anavuta. Alifanya hivyo mchana kutwa, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Hester hakukohoa. Alibaki mtupu, na kwa kuwa alikuwa mtupu hakuwa na cha kurudisha, na kwa kuwa hakuwa na cha kurudisha hakuruhusiwa kuondoka.

Abel Crabtree aliyasoma maneno yale kwenye midomo ya Zilla, na hakuona kosa ndani yake. Alichokiona ni kwamba bobini ya mwanamke huyu ilijaa kabla ya saa sita mchana, wakati za wenzake zilikuwa hazijafika nusu. Alimsifu mbele ya benchi zima, akawaambia wengine waige bidii yake. Kisha akaenda stoo, akarudi na bobini ya pili, akaifunga kando ya ile ya kwanza.